Binti yangu anataka gofu iwe kazi yake, njia ikoje?

Mama Rukia, Malindi: Salaam jamani. Binti yangu yuko kidato cha tatu. Mjomba wake ni kedi, mbeba vifaa vya wachezaji gofu, hapa Malindi, ndiye aliyemfundisha. Sasa wazee wa klabu husimama kumtazama akipiga. Mwanamke huishije kwa gofu? Baba yake ananiuliza, nami sina jibu.

Kedi wa Kilifi: Shikamoo mama. Nilikuwepo uwanja wa gofu wa Vipingo hapa Kilifi Desemba 2019, Esther Henseleit wa Ujerumani aliposhinda mashindano ya wanawake ya Magical Kenya Ladies Open. Miaka 20 tu! Ulikuwa ushindi wake wa kwanza Ladies European Tour, msururu wa mashindano ya wanawake wa kulipwa, na msimu huo akaumaliza kileleni. Akashinda tena hapohapo 2022, kisha 2024 akachukua medali ya fedha Olimpiki ya Paris nyuma ya Lydia Ko wa New Zealand. Kilichonikaa moyoni ni mazoezi yao: magharibi inaingia, wengine bado wako kwenye grini, pale penye nyasi fupi na shimo, wakisukuma mipira ya hatua mbili, mmoja baada ya mwingine. Mlete binti aone.

Bi Zuhura: Mama Rukia, pesa zake ni ngumu. Mashindano ya siku nne, wa chini hukatwa baada ya siku mbili, hawapati kitu. Nauli, hoteli na kedi ni juu yako. Abaki mchezaji wa ridhaa, asiyelipwa, kwanza, tena asiache shule: vyuo vya Marekani hutoa ufadhili kwa wasichana wanaocheza vizuri.

Mama Rukia: Ahsanteni sana. Ufadhili huo huangalia alama za darasani pia?

Bi Zuhura: Sana.