Biti tano zimekufa kwenye bamba moja la stenlesi, nakosea wapi?

Mgeni wa Jiliwa
Wakuu, habari za kazi. Nina bamba la stenlesi, unene milimita 8, linataka matundu 12 ya milimita 10. Mashine ni ya mezani, biti ni HSS (chuma kigumu cha kukatia) za kawaida, mpya. Chuma cha kawaida natoboa bila shida. Hapa biti inaingia kama milimita 2, inaanza kupiga kelele, moshi kidogo, halafu basi, inazunguka tu haishuki. Nikiichomoa, ncha imegeuka bluu. Nimepata matundu mawili, matatu yamegoma njiani. Biti feki au ni mimi?

Nyundo Kavu
Feki hizo mkuu. Tafuta za kobalti, hizo ni ngumu zaidi.

Mchundo Mstaafu
Kabla hajanunua chochote: mashine umeiweka mizunguko mingapi kwa dakika? Na ukichungulia tundu lililogoma, chini pakoje?

Mgeni wa Jiliwa
1,400 mzee wangu, mkanda wa kubadili kasi sijawahi kuuhamisha. Chini panang'aa kama kioo.

Mchundo Mstaafu
Basi jibu umelitoa mwenyewe. Biti ya milimita 10 kwa mizunguko 1,400, makali yake yanasafiri karibu mita 44 kwa dakika. HSS kwenye stenlesi inataka mita 10 hadi 15. Hamisha mkanda uje 350 mpaka 400.

Kosa la pili liko mkononi. Stenlesi ukiisugua badala ya kuikata, inakakamaa. Wewe ukisikia kelele unalegeza mkono, unadhani unaihurumia biti, kumbe ndiyo unaimaliza. Hicho kioo ni ngozi iliyokakamaa, ngumu kuliko bamba ulilonunua. Kandamiza sawasawa tangu ncha inapogusa, maranda yatoke mfululizo pande zote mbili za biti. Yakitoka upande mmoja tu, biti haikunolewa sawa na tundu litazidi kipimo. Ukitaka kupumzika, inua biti kabisa, usiiache izunguke imekaa chini.

Yale matatu yaliyogoma, geuza bamba uyafuate kutoka upande wa pili.

Mama Karakana
Naongezea. Tangulia na biti ya 3 au 4, maana ile ncha ya katikati ya biti kubwa haikati, inasukuma tu. Senta panchi (ile ncha ya kutia alama ya tundu) piga mara moja ya kutosha, usiigonge kama msumari, hapo napo panakakamaa.

Mchundo Mstaafu
Sawa dada, ila kutoka 4 aende 10 moja kwa moja. Wanaopanda 4, 6, 8 wanachoma kona za biti bure.

Nyundo Kavu
Mimi humwagia maji, inatosha.

Mama Karakana
Maji yanapoza, hayatelezeshi. Weka mafuta ya kukatia, tena kabla ya kuanza, siyo ukishaona moshi. Halafu mgeni, bamba unalishikaje?

Mgeni wa Jiliwa
Kwa mkono, nimevaa glavu.

Mama Karakana
Yesu wangu! Vua hizo glavu. Biti ikinasa uzi mmoja inavuta kidole na mkono wote. Na bamba lifunge kwenye meza kwa klampu. Biti inapotokea chini ndipo inapong'ata, bamba linageuka pangaboi. Ukihisi inakaribia kutoka, punguza mkandamizo, lakini usiache kushuka.

Mgeni wa Jiliwa
Nimerudi. Mizunguko 380, mafuta, klampu nne. Nimetoboa nane kwa biti moja, bado inakata, na maranda yanatoka marefu, hayana bluu. Kati ya yale yaliyogoma, mawili yamekubali kwa upande wa pili, moja bado linanisumbua. Sasa upande wa chini matundu yameacha miiba inayokata vidole, naiondoaje?

Mchundo Mstaafu
Chukua biti ya 16 hivi, ishike kwa kitambaa, izungushe kwa mkono mdomoni mwa tundu mara mbili tatu. Hilo moja lililobaki, hapo sasa kanunue hiyo kobalti ya Nyundo.