Koki ya bandi iachwe wazi masika? Na asilimia 110 inatosha?

Mpimaji_Tanga
Wakuu, naomba msaada. Mchoro wa ghala la mafuta huku Tanga una tangi moja la petroli la mita za ujazo 5,000 na mawili ya dizeli ya 2,000 kila moja (kipenyo mita 15). Yote yamo ndani ya bandi moja, yaani ukuta wa kuzuia mafuta yaliyomwagika, ya mita 70 kwa 60, kimo mita 1.5. Napata 6,300, zaidi ya asilimia 110 ya tangi kubwa. Mkandarasi anataka koki ya kutolea maji ya mvua ikae wazi masika yote ili maji yasituame. Ni sawa?

Koki_Nje
Si sawa, na hesabu yako ina tundu. Matangi ya dizeli yanakula nafasi: kila kitako ni kama mita za mraba 177, ondoa 354. Inabaki 3,846, mara 1.5 ni 5,769. Tangi kubwa huliondoi, maana likipasuka, mafuta yaliyo chini ya usawa wa ukuta yanabaki mlemle. Unahitaji 5,500, kwa hiyo akiba yako ni 269 tu. Mvua ya milimita 100 juu ya mita za mraba 4,200 inaleta maji mita za ujazo 420. Akiba kwisha, na povu la kuzimia moto bado hujalitafutia pa kukaa. Pandisha ukuta ufike 1.7, utapata kama 6,538.

Koki ikiwa wazi, huna bandi, una karo. Ikae nje ya ukuta, imefungwa kwa kufuli, ufunguo kwa msimamizi wa zamu. Mvua ikikatika, angalia kwanza kama maji yana utando wa rangi za upinde wa mvua. Anayefungua asiondoke hadi afunge, kisha aandike saa na jina kwenye daftari. Sheria hiyohiyo kwa koki ya kutolea maji chini ya tangi: mtu anafungua, anakwenda kunywa chai, anarudi petroli inatiririka.

Mama_Mtaro
Naongezea: maji hayo yapite kwenye kitenganishi cha mafuta, yasiende mtaroni moja kwa moja. Kitenganishi kinategemea utulivu, mafuta yapate muda wa kuelea. Kama chako kimepimwa mita za ujazo 30 kwa saa, hizo 420 zitachukua saa 14. Hapo ndipo watu wanakosa subira, wanafungua koki yote, na mafuta yanasukumwa hadi upande wa pili. Weka bamba lenye tundu dogo kwenye bomba, hata mwenye haraka asiweze kuzidisha.

Na sabuni marufuku sehemu ya kupakilia malori! Inavunja mafuta kuwa matone madogo mno, hayaelei tena. Tope la chini nalo lizolewe kabla ya vuli na masika.

Zege_na_Viungo
Mnajadili ujazo, lakini ukuta wenyewe unashika? Ghala la mafuta la Buncefield, Uingereza, Desemba 2005: kipimo cha tangi namba 912 kilikwama, na swichi ya pili ya kuzuia kujaa kupita kiasi haikufanya kazi kwa sababu kufuli la mkono wake wa majaribio halikufungwa. Zaidi ya lita 250,000 za petroli zilimwagika. Baada ya mlipuko, bandi zilivuja kwenye viungo na kwenye matundu ya vyuma vilivyoshika mbao za kumwagia zege. Maji ya kuzimia moto na povu yakafika kwenye maji ya ardhini.

Kwa hiyo: bamba la chuma cha pua ndani ya kila kiungo, maana gundi peke yake moto unaila. Mabomba yapite juu ya ukuta, yasiutoboe. Na swichi ya kujaa iwe na waya wake, isitegemee kipimo cha kawaida.

Mpimaji_Tanga
Nimewaelewa. Mkandarasi sasa anasema badala ya zege chini aweke kokoto tupu ili maji yanywee yenyewe.

Koki_Nje
Petroli nayo itanywea. Mkatalie kwa maandishi.