Nimesoma siasa na uhusiano wa kimataifa, kazi ziko wapi?

binti_jinja: Habarini wadau, nimegradueti mwaka jana, siasa na uhusiano wa kimataifa, mpaka leo niko tu nyumbani Jinja na baba kila siku ananiuliza utagombea nini. Mi sitaki kugombea, nataka kazi. Naanzia wapi jamani?

mzee wa yumbe: Pole mwanangu. Usikae kungoja ubalozi, nafasi za Wizara ya Mambo ya Nje ni chache mno, omba lakini usiishie hapo. Angalia makazi ya wakimbizi, Uganda imepokea zaidi ya milioni 1.5, hapa kwetu Yumbe makazi ya Bidibidi yalifunguliwa 2016 na mashirika yanahitaji watu wa kuandika ripoti, kukaa na wenyeji na wakimbizi wakigombania kuni na mashamba mpaka waelewane, na hiyo ndo siasa yenyewe uliyosoma.

kaka_entebbe: Mzee kasema kweli. Mi nilianza kwa kujitolea miezi 8, nauli tu, niliumia sana ila nikajifunza Excel na kuandika proposo za kuomba ufadhili. Dada jifunze Kifaransa, nakusihi, Kongo ya Kinshasa, wanaotumia Kifaransa, iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022 na ofisi nyingi zinawahitaji wanaoongea. Pia fuatilia matangazo ya sekretarieti ya Jumuiya hiyo kule Arusha, na hapa Entebbe kuna kituo cha huduma cha Umoja wa Mataifa.

binti_jinja: Asanteni sana. Mzee, huko Yumbe barua napeleka kwa mkono au wanataka imeili?

mzee wa yumbe: Imeili, ila ukiweza njoo waone sura yako.