Tupeane uzoefu: mashuka gani hayamwashi mtoto mwenye pumu ya ngozi?

mama_tabata
Wapendwa habari za asubuhi. Sijalala ndo maana naandika saa hizi. Mwanangu ana miaka mitatu na nusu, pumu ya ngozi ilimwanza ana miezi mitano, wenye watoto wa hivi mnajua, kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti, shingoni. Ilikuwa imetulia kabisa tangu Idi. Sasa juzijuzi baba yake akaja na seti ya mashuka ya satini, ya pinki, yana picha za katuni, mtoto kafurahi mpaka kayakumbatia. Ukiyashika yanateleza kama hariri. Nikatandika usiku uleule, kufua sijafua, nikasema si ni mapya bwana.

Siku ya tatu yake nasikia kwaru kwaru kwaru saa 8 usiku. Ile sauti naijua hata nikiwa usingizini. Jana asubuhi namwamsha aende chekechea analia hataki kunyoosha mguu, kuangalia nyuma ya goti pamechunika, majimaji yametoka usiku yakakauka na shuka imegandia palepale kwenye nyama. Nikachukua bakuli la maji ya vuguvugu na kitambaa, nalowesha nabandua, nalowesha nabandua, robo saa nzima, naye kanishika bega ananiambia mama taratibu, mama taratibu. Nilipomaliza nikaenda chooni nikajifungia nikalia.

Mnawatandikia nini watoto wenu? Msinitajie bei kubwa jamani, mimi ni mama ntilie.

binti_kigambo
Pole sana mama. Hiyo ya shuka kugandia imenitoa machozi, wangu ilikuwa foronya, shavu lote. Nilikata foronya na mkasi kwanza nikabaki na kipande usoni kwake.

muuza_mashuka_kkoo
Dada pole. Mimi nauza mashuka Kariakoo mwaka wa tisa huu, ngoja niseme ukweli wa biashara hii hata kama wenzangu watanichukia. Mteja akija anafanya kitu kimoja, anaipapasa shuka na kiganja. Ikiteleza anasema hii laini, analipa. Sasa nyingi zinazoteleza hivyo ni poliesta au maikrofaiba, hata kama pakiti imeandikwa kotoni ya Misri kwa dhahabu. Mkononi dukani ni laini, sawa, ila mtoto hailalii dukani, anailalia saa saba usiku Dar umeme umekatika feni imesimama. Poliesta hainywi jasho. Jasho linabaki kwenye ngozi, joto linabaki, mwasho unaanza. Pamba ukiipapasa mpya inaweza ikawa ngumu kidogo ila inanyonya jasho na inapitisha hewa.

Na hiyo satini, satini ni namna ya kufuma tu. Kuna satini ya pamba na kuna satini ya poliesta. Hizo za katuni tunazoleta sisi ni poliesta, sijawahi kuona nyingine.

Ukitaka kujua, chomoa uzi kwenye pindo uchome na kiberiti. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka karatasi, inabaki majivu laini. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inabaki kidonge cheusi kigumu kinanuka plastiki. Ikiwa mchanganyiko unapata vyote viwili.

Ngosha_wa_Mwanza
Mimi nasema mtumba. Mwisho wa habari. Shuka za mtumba zile nyeupe nzito za hoteli za Ulaya, pamba tupu, zimefuliwa mara mia mbili huko, dawa zote za kiwandani zishatoka, ni laini kama sikio la sungura. Wangu wawili wamelala humo mpaka leo. Shuka mpya ina wanga na dawa ya kuizuia isikunjamane, ndo inawasha hiyo.

mama_tabata
Kumbe hata mpya inatakiwa ifuliwe kwanza? Mimi nilijua mpya ndo safi.

Ngosha_wa_Mwanza
Mpya ifuliwe mara mbili tatu kabla, dada. Hii nilijifunza kwa maumivu.

LadyT
Ngosha samahani, mtoto mwenye ngozi mbovu tayari unampeleka kwenye shuka aliyolalia mzungu usiyemjua, ana magonjwa gani hujui?? Na ile harufu ya mtumba, ile dawa wanayopuliza, haimwashi? Tuwe serious na afya za watoto.

Ngosha_wa_Mwanza
Wewe LadyT jaketi unalovaa asubuhi la baridi limetoka wapi? Nani kasema nitandike bila kufua. Nachemsha kwenye sufuria la pilau, naanika juani, napiga pasi.

LadyT
Jaketi sivai juu ya kidonda. Nisome vizuri.

nesi_mstaafu
Msigombane wanangu, mmesema kweli wote. Mtumba wa pamba ni mzuri ukifuliwa kwa maji ya moto kweli, nyuzi 60 na kuendelea, moto huo unaua hata wale wadudu wa vumbi wasioonekana wanaokaa kwenye magodoro na mito, ambao nao wanaamsha pumu ya ngozi na ya kifua. Ila mama Tabata, unafulia sabuni gani?

mama_tabata
Ya unga ile yenye harufu, halafu naweka ile ya kulainisha nguo. Nilijua namsaidia iwe laini.

nesi_mstaafu
Hapo hapo. Ile ya kulainisha ina manukato yanayobaki kwenye kitambaa, mtoto anayalalia usiku kucha. Iache leo. Tumia sabuni ya mche isiyo na rangi wala harufu, suuza maji mawili, kama una maji suuza matatu.

Bi_Hidaya_Tanga
Wajukuu zangu, sisi watoto tuliwalaza kwenye amerikani. Kitambaa cha pamba ambacho hakijapaushwa, rangi ya maziwa, kililetwa Unguja na merikebu za Wamarekani enzi za masultani ndipo kikapata jina. Kipya kinakwaruza hasa. Unakiloweka usiku mmoja, unakifua, unakianika, unakifua tena, ikifika mwezi kimelainika na kinazidi kulainika mpaka kinachanika. Kama amerikani huipati, bafta. Nyepesi, nyeupe, pamba, na bei yake haiumi. Nunua mita fundi akukunjie pindo.

Juma_chuma
Bibi shikamoo. BAFTA? Bafta si ndo sanda? Unamlaza mtoto mzima kwenye sanda?

LadyT
Hapo na mimi nimeshtuka. Kwetu ukitandika bafta nyumbani mama mkwe anaita kikao.

Bi_Hidaya_Tanga
Marahaba. Bafta ni kitambaa. Hushonewa foronya, hutiwa ndani ya makoti, na maiti huvishwa pia. Maiti huoshwa kwa maji, mbona maji mnakunywa?

Juma_chuma
Hahaha bibi umenifunga. Ila mimi siwezi, nikiamka usiku nikaona mtoto kalala kwenye nyeupe ile moyo utasimama.

zena_likoni
Si mwitie rangi basi. Huku kwetu Mombasa hatuhangaiki, leso kuukuu, nyinyi mwaita kanga. Ile ya mama iliyopauka maandishi hata hayasomeki. Nilizikunja mbili nikazishonea pamoja, juu ya godoro la mtoto, na joto hili la pwani analala fofofo. Lakini iwe leso ya pamba, zimejaa za poliesta siku hizi, zile zinazong'aa.

baba_junior
Naunga mkono kanga kuukuu. Hakuna kitu laini dunia hii kama kanga ya bibi.

mama_mapacha_Muleba
Mnaongelea mashuka naomba niwaambie yaliyonikuta maana nimesoma "anika juani" mwili umesisimka. Mapacha wangu walikuwa na miezi minne. Na wao ngozi yao nyepesi, kila kitu kinawatoa vipele, kwa hiyo nikatafuta mashuka ya pamba mazuri, nikafua na sabuni ya mche, nimefanya yote mnayosema hapa. Ilikuwa masika, jua hakuna, dada wa kazi akawa anaanika kwenye ua wa michongoma chini ya mwembe, zinakauka nusu, tunatandika hivyohivyo zina ubaridi.

Kulwa akaanza kutoa majipu mgongoni. Moja, tatu, saba. Doto manne kwenye matako. Nikasema ni mzio wa shuka. Nikabadilisha sabuni. Nikaenda dukani nikapewa krimu. Yakazidi, mtoto analia ghafla usiku kama kachomwa sindano halafu ananyamaza. Siku hiyo namwogesha, mchana kweupe, naangalia jipu moja lina tundu katikati kama kichwa cha sindano, naona kitu kinachungulia na kurudi ndani. Kinachungulia na kurudi. Nikaita mama yangu kwa sauti mpaka majirani wakaja.

Mama alivyoona hakushangaa. Akasema leteni mafuta ya mgando. Akapaka nene kwenye kila tundu, akatuambia tusubiri, funza akikosa hewa anatokeza. Walitokeza kweli. Akawabinya kutoka pembeni kwa vidole gumba viwili, kumi na mmoja kwa watoto wawili, weupe, wanene, kila mmoja kama punje ya mchele uliopikwa. Nilikuwa nahesabu huku natetemeka.

Ni nzi. Anataga kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini kwenye mchanga, mtoto akilalia kifunza kinaingia kwenye ngozi. Tangu siku hiyo shuka, nepi, hata leso ya kufutia pua, napiga pasi ya moto pande mbili na kwenye pindo.

Juma_chuma
Nimeacha chai.

binti_kigambo
Mungu wangu. Naenda kupiga pasi kila kitu ndani ya nyumba hii sasa hivi.

Ngosha_wa_Mwanza
Kweli kabisa, hata kwetu wapo. Kamba ndefu, juani, na pasi.

LadyT
Mimi sina pasi wiki ya pili. Huyo nzi Dar yupo?

nesi_mstaafu
Yupo sehemu nyingi zenye joto na unyevu, nimewatoa wengi tu kazini kwangu. Mama yake mapacha alifanya vizuri, ila usimkamue kwa nguvu akakatikia ndani.

Sasa turudi kwa mama Tabata tafadhali. Pale palipochunika pana majimaji ya njano au panavuta joto? Kama ndiyo usingoje shuka, mpeleke kituo cha afya, hapo ameshaingiwa na vijidudu. Na krimu zile za dukani za "dawa tatu kwa moja" usimpake kiholela, zina steroidi kali, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi. Moshi pale hospitali ya KCMC kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, wataalamu wa ngozi wengi waliotawanyika mikoani wamepita pale, kwa hiyo kwenye hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe uliza kliniki ya ngozi ipo siku gani.

hamisi_wa_gongo
Mafuta ya nazi na mwarobaini. Hamtaki kusikia.

nesi_mstaafu
Mwarobaini kwenye kidonda kibichi hapana Hamisi. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu, akitoka tu kuoga ngozi ikiwa bado mbichi.

zena_likoni
Swali, usiku nyumba nzima mwajikuna ama ni mtoto peke yake? Sababu mimi nililaumu shuka miezi miwili kumbe ni upele, ule wa kuambukizana, tukapakwa dawa sote mpaka babu.

mama_tabata
Peke yake da Zena. Asanteni nyote.

Nimerudi, zimepita siku tisa. Nilimpeleka, walikuta kidonda kimeingiwa, amepewa dawa ya kunywa na ya kupaka. Uzi wa satini niliuchoma mbele ya baba yake, ukawa kidonge cheusi, akakishika akakaa kimya, akasema basi yatoe. Nimetandika kanga mbili za marehemu mama yangu nimezishonea pamoja kama Zena alivyosema, sabuni ya mche, maji matatu, pasi. Juzi na jana kalala mpaka asubuhi. Mimi ndo nimeamka saa 8 kwa mazoea, nikasikiliza, nikasikia anapumua tu.

Shida ni kwamba anaulizia mashuka yake ya katuni kila siku. Nimemtundikia moja dirishani kama pazia, akilala analitazama.

muuza_mashuka_kkoo
Hapo umefanya jambo. Pamba yenye maua madogo ya pinki ninayo, kitambaa cha mita, nitakukatia kwa bei ya jumla. Godoro lake ni futi ngapi?

mama_tabata
Tatu na nusu kwa sita.

Bi_Hidaya_Tanga
Mwambie aongeze nusu mita. Pamba husinyaa ikifuliwa.