Binti anataka kusomea radiolojia, anaambiwa kompyuta itamnyang'anya kazi. Nimshauri nini?

Mama_Wawili:
Habari zenu wakuu. Naomba mnisome hadi mwisho, jambo hili linaninyima usingizi.

Mwaka 1989 nilihitimu kozi ya upigaji chapa. Nilikuwa napiga taipu bila kutazama vidole, kurasa tatu na kaboni mbili katikati, kengele ya mwisho wa mstari ikilia mkono wa kushoto umeshafika kurudisha roli. Nikikosea herufi moja narudia ukurasa mzima. Tuliambiwa kazi hii haina mwisho kwa kuwa barua hazina mwisho. Na kweli barua hazikwisha, tulikwisha sisi. Kila bosi alipewa kompyuta akawa anaandika barua zake mwenyewe. Baada ya miaka 11 nikapunguzwa kazini nikiwa na mtoto mgongoni.

Mtoto huyo sasa ana mdogo wake, binti aliyemaliza sekondari na alama za udaktari anazo. Anataka aje abobee kwenye radiolojia, kusoma picha za eksirei na skani. Mjomba wake amemwonyesha video ya Geoffrey Hinton, mwanasayansi wa kompyuta, mwaka 2016, akisema watu waache kabisa kufundisha wataalamu wa radiolojia, maana ndani ya miaka 5 kompyuta itawashinda. Mwaka 2024 Hinton akapewa Nobel ya fizikia. Mimi mpiga chapa nitabishana naye kwa lipi? Binti ameanza kuyumba. Sitaki kumvunja moyo, na sitaki apite nilikopita.

Taa_ya_Kijani:
Pole sana dada. Mimi napiga picha za eksirei hospitalini, mwaka wa 14 huu. Ile miaka 5 ya Hinton ilishapita, na nchi nyingi bado zinalia uhaba wa madaktari wa radiolojia kwa sababu picha zinazopigwa zimekuwa nyingi mno.

Lakini programu za kompyuta za kusoma picha zimekuja, tusidanganyane. Marekani imeshaidhinisha mamia, na nyingi ni za fani hiihii. Kwetu ipo moja. Juzi ilizungushia duara kivuli kwenye kifua cha mzee mmoja, ikaashiria uvimbe. Daktari akaagiza picha zake za zamani, akamuuliza kama aliwahi kuanguka. Ulikuwa ubavu uliovunjika miaka mingi nyuma ukaungana vibaya. Siku hiyohiyo programu ikaonyesha ufa mwembamba kwenye kifundo cha mkono ambao daktari yuleyule alikuwa ameupita. Akarudi kuutazama, akakubali, akaandika ripoti upya.

Mwamba_Imara:
Mimi naona Hinton alikosea tarehe tu. Chukueni mashine za kutolea pesa. Ya kwanza ilifunguliwa London mwaka 1967, watu wakasema karani wa benki kwisha. Marekani makarani hawakwisha, kwa sababu tawi lilikuwa rahisi zaidi kuliendesha, benki zikafungua matawi mengi. Mfano huo watu wanaupenda, ila huwa wanaukatia hapo. Baadaye huduma za benki zikahamia kwenye simu, na makarani wakaanza kupungua kweli.

Dada, piga hesabu ya miaka. Udaktari 5 au 6, mafunzo ya kazi, kisha ubobezi. Binti yako atakaa kwenye kiti hicho baada ya zaidi ya miaka 10. Hali ya leo isimtoshe kuamua.

Kipepeo88:
Mwacheni mtoto asome anachokipenda.

Ngazi_Tatu:
Wakuu, mnaongea kana kwamba mashine ndiyo inayoamua. Programu ikikosea na mgonjwa akafa, nani anajibu mahakamani? Hilo wanaamua watunga sheria. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya akili mnemba (AI) mwaka 2024, na mifumo mingi ya matibabu imewekwa kwenye kundi la hatari kubwa, lazima binadamu aisimamie. Mwaka 2023 waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma siku 148, wakapata mkataba unaosema akili mnemba haihesabiwi kuwa mwandishi. Teknolojia haikubadilika katika siku hizo 148. Kilichobadilika ni masharti ya kuitumia.

Na mwaka 1930 mwanauchumi Keynes alibashiri kwamba ndani ya miaka 100 watu watafanya kazi saa 15 kwa wiki. Utajiri umeongezeka kama alivyodhani, saa hazijapungua kiasi hicho, kwa sababu faida ya mashine haijigawi yenyewe. Dada, nyinyi wapiga chapa mlikuwa na chama? Mliulizwa lolote kabla kompyuta hazijaletwa? Nauliza kwa uchungu, mama yangu naye alikuwa kwenye kazi hiyo.

Mama_Wawili:
Hatukuwa na chama, @Ngazi_Tatu. Hakuna aliyetuuliza. Tulizikuta mezani Jumatatu asubuhi.

Nimemsomea binti majibu yote. Akanyamaza, kisha akaniuliza swali ambalo nawaletea: kama programu inaonyesha duara kwanza, mwanafunzi atajifunzaje kuona mwenyewe? Na asipojifunza, atajuaje kwamba duara lina makosa?

Taa_ya_Kijani:
Huyo mtoto ameuliza swali ambalo wakubwa wetu wanabishania kila siku. Kwetu waliweka utaratibu: mwanafunzi anasoma picha programu ikiwa imezimwa, anaandika alichoona, anasaini, ndipo inawashwa. Inachosha na foleni inakuwa ndefu. Mwaka jana uongozi ulitaka kuufuta ili kazi iende haraka, madaktari wakakataa.

Mwambie kabla hajachagua pa kubobea aulize jambo hilo moja, wanafunzi wao wanasoma picha programu imewashwa au imezimwa. Na akipata ruhusa ya hospitali yoyote, akakae wiki moja kwenye chumba cha kusomea picha, nyuma ya kiti cha daktari. Aende na daftari.