Naombeni ushauri: nimepewa fomu ya kumhamisha mwanangu "kwa hiari"

Habari zenu ndugu zangu. Tuko Illinois, Marekani. Mwanangu ana miaka 3 na yuko kwenye kituo cha malezi chenye leseni. Ana tabia ya kung'ata wenzake, hasa akinyang'anywa kitu. Sikatai, hata mimi mkononi ninayo alama ya meno. Mwezi huu nimeitwa mara nne nikamchukue kabla ya saa sita.

Jana mkuu wa kituo alinipa fomu ya kumhamisha "kwa hiari yangu". Hiari gani hiyo, na mimi sijaomba?

Ninavyojua, tangu Januari 2018 sheria ya hapa inakataza kumfukuza mtoto mdogo kwa sababu ya tabia. Kituo kijaribu kwanza msaada wa mtaalamu na kuweka kumbukumbu. Kuhamishwa kunafuata baadaye, tena kwa ridhaa ya mzazi. Nimeomba kumbukumbu hizo mara mbili, naambiwa "tutakuletea". Fomu sijasaini.

Naomba kuuliza: nikisaini, itahesabika nimeridhia? Na huku kuitwa kila mara nikamchukue, kuna aliyewahi kulalamikia, akaanzia wapi?