Yule wa jana harusini: wapangaji wangu wa Section 8 (vocha ya serikali ya Marekani ya kusaidia kodi ya nyumba) wamekukosea nini?

Wakuu nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Wa Houston wote mnamjua, jina la nini. Jana tupo foleni ya pilau, ukumbi umejaa, jamaa ananipigia kelele nusu ya Texas isikie, "wewe ndio unatujazia ombaomba mtaani". Ombaomba! Mama mkwe wangu kasimama pale pale!

Huyo ombaomba ni mama wa watu analea wazee usiku kucha, analipa kodi ya nyumba kama asilimia 30 ya kipato chake na inayobaki serikali inaniwekea mimi benki, haijawahi kuchelewa. Huyo jamaa wapangaji wake wenye hadhi anashinda nao mahakamani. Na hiyo vocha haiokotwi jamani, watu wanakaa kwenye orodha miaka, ukiipata unapewa siku 60 hivi utafute nyumba, na huku Texas unakataliwa kisa vocha tu na ni halali, tangu 2015 sheria ya jimbo inaizuia miji isikataze hilo, labda uwe mwanajeshi mstaafu. Halafu mtu ana minofu mitano kwenye sahani anasema ombaomba. Mbele ya mama mkwe!

Mangi_Katy: Pole mkuu, ila pale ulinyamaza ukaja kumjibia huku? 😂😂

Mleta uzi: Harusi ya watu ile ndugu, ningeivuruga. OMBAOMBA!

Kijana_wa_Goma: Na yeye alipofika hapa mkimbizi kodi ya mwanzo alilipiwa na nani, si msaada?

BintiTanga: Mi mpangaji hana neno, shida yangu mkaguzi wa Section 8. Kaifelisha nyumba kisa komeo la dirisha, na ikiwa imejengwa kabla ya 1978 na atakaa mtoto chini ya miaka 6, rangi ikibanduka kidogo tu umekwisha, wanaogopa sumu ya risasi kwenye rangi za zamani. Nyumba imekaa tupu hela haiingii.

FundiBomba: Dada komeo bei ya soda, ungefunga kabla hajaja.

BintiTanga: Soda gani hiyo, fundi mwenyewe ndio nyie mnaosema nakuja hamji.

Msasani4L: Afadhali yenu. Huku Dar kodi miezi 6 kwa mkupuo, na dalali anataka ya mwezi mzima kwa kukuonyesha mlango.

Mangi_Katy: Wa kwangu alinionyesha nyumba ambayo ina watu, tumewakuta wanakula.

Msasani4L: 😂😂 wa Sinza huyo? Mfupi ana bodaboda nyekundu? Kala hela yangu ya kuzungushwa mpaka leo hapokei simu